Jumanne na Ijumaa Mlimani Swinlaw

7 Septemba, Jumanne
Mawingu ya juu, upepo kidogo wa magharibi. Leo nimeanza kumpandisha Wilf Vipond mlimani. Jana mkewe, Mavis, alinikuta dukani, akanivuta kando penye viazi. "Shemeji, nisaidie. Jumanne na Ijumaa tu. Akiwa juu anatulia. Nyumbani ananifungulia na kunifungia milango mchana kutwa." Nilikubali hata hajamaliza. Brenda mwenye duka alisikia, akasema kwa sauti ya kujaza duka zima, "Edwin Coulthard, wewe una moyo wa pekee." Sikumkatalia.

Mimi na Wilf tuliingia mgodini wiki moja, tukiwa na miaka kumi na mitano. Yeye alipanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Mimi nilibaki mchimbaji. Sasa mgodi umefungwa, tuna miaka sitini na tisa, na tangu mwaka juzi kumbukumbu zinamtoka. Miguu yake lakini ni mizima kuliko yangu.

10 Septemba, Ijumaa
Mvua tangu alfajiri. Hatukwenda.

14 Septemba, Jumanne
Jua. Tulipanda hadi kwenye dohani la zamani, lile bomba la mawe la kutolea moshi wa tanuri la kuyeyushia madini ya risasi. Maua ya zambarau yanayofunika mlima mzima yameanza kukauka, yamekuwa rangi ya kutu. Kondoo na upepo tu. Tangu mke wangu Nora afariki, kimya cha Swinlaw ndicho kinachonishikilia. Ila sasa kimya hakipo. Kila baada ya hatua mia mbili Wilf anasimama, ananishika mkono wa koti, ananiuliza, "Edi, wote wametoka?" Anaulizia watu wa zamu yake mgodini. Namjibu, "Wote wametoka, Wilf." Anashusha pumzi, anatembea. Hatua mia mbili. "Edi, wote wametoka?"

Nilihesabu. Mara thelathini na nane.

17 Septemba, Ijumaa
Mara arobaini na moja.

21 Septemba, Jumanne
Upepo mkali, tuliishia kwenye zizi la mawe, katikati ya njia. Tulimkuta mchungaji wa kondoo, Dennis Raisbeck, akitengeneza ukuta. "Ehe, mabwana wakubwa! Mmekuja kunisimamia?" Wilf akamkazia macho. "Wewe kofia yako ya mgodini iko wapi?" Dennis alivua kofia yake ya sufu, akaitazama, akasema, "Mke wangu ameifua, msimamizi, ikarudi hivi." Wilf akacheka mpaka machozi. Ni muda sijamsikia akicheka. Niliona wivu kidogo. Mimi sijawahi hata kujaribu kumchekesha.

28 Septemba, Jumanne
Ukungu hadi saa sita, kisha ukaondoka. Kawaida tu.

1 Oktoba, Ijumaa
Nilimwambia Mavis goti linaniuma. Goti haliniumi. Nilipanda peke yangu kwa njia ya nyuma, nisipite mbele ya dirisha lao. Kilikuwa kimya kizuri, na nilikiona aibu, lakini nilikifaidi.

5 Oktoba, Jumanne
Mavis alimfunga Wilf kamba za viatu mlangoni, akiwa amepiga magoti. Ana mifuko chini ya macho. "Goti lako, shemeji?" Nikasema limepona. "Asante. Hujui unavyonisaidia." Njia nzima nilitamani asingesema hivyo. Wilf aliuliza mara arobaini na tano.

8 Oktoba, Ijumaa
Mvua. Hatukwenda. Nilifurahi.

13 Oktoba, Jumatano
Jana Wilf alipotea mlimani. Tulikuwa kwenye zizi, nikainama kufunga kamba ya kiatu, nilipoinuka hayupo. Ukungu ulikuwa mzito. Niliita, nikazunguka, nikashuka shambani kwa akina Raisbeck kupiga simu. Kikosi cha uokoaji kilitafuta usiku kucha, watu ishirini na mmoja. Asubuhi hii saa moja Dennis alimkuta mtaroni, juu zaidi kupita dohani, upande wa kileleni. Yuko hai. Wamempeleka hospitali mjini. Siwezi kuandika zaidi.

15 Oktoba, Ijumaa
Hakuna mahali pa kwenda leo. Jua limetoka, kama la kunicheka.

Mavis amepiga simu. Wilf ana homa ya mapafu. Vidole vya mguu wa kushoto vimekufa kwa baridi. "Anakuulizia," akasema.

16 Oktoba, Jumamosi
Nilichoandika Jumatano ni uongo. Nimedanganya hata kwenye daftari ambalo hakuna mtu analisoma. Nitaandika sasa, mara moja, ilivyokuwa.

Hatukupotezana kwenye zizi. Tulilipita zizi salama, tukaendelea kama maili mbili hadi kwenye dohani. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, kweupe, upepo umetulia. Tulikaa tumeegemea mawe. Nilikuwa nimejibu mara thelathini na kitu. Nikatoa themosi, na kabla sijafungua kifuniko akanishika mkono, "Edi, wote wametoka?"

Nikamwambia, "Wamekufa, Wilf. Wote. Mgodi umefungwa, watu wamekufa, na wewe akili zimekuishia. Hakuna wa kumtoa. Ninyamazie, kwa jina la Mungu."

Nilipiga kelele hata kondoo wakakimbia.

Alinitazama. Akasema taratibu, kama mtoto aliyefokewa bila kujua kosa, "Norman naye?" Norman alikuwa mdogo wake. Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, miaka kumi na moja sasa. Wilf alikuwa amesahau, na mimi nikampa msiba ule upya, mkavu hivyo.

Nilirudisha themosi kwenye mkoba, nikavaa mkoba, nikasema, "Kaa hapo. Usisogee." Nikapanda kileleni peke yangu. Chai yake ilikuwa mgongoni mwangu, na mkate wake pia, na koti lake la mvua.

Kileleni nilikaa. Hili ndilo gumu kuandika: nilifurahi. Nilikula mkate wangu. Niliangalia bonde lote, mashimo ya zamani yaliyoota nyasi, na nikajiambia bado kidogo, bado kidogo. Nilikaa zaidi ya saa moja. Ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni niliuona, na bado nikakaa. Niliposhuka, nilikuwa sioni viatu vyangu. Pale kwenye dohani hapakuwa na mtu. Tangu nimwache hadi nirudi, saa moja na nusu.

Nilipofika kwa Raisbeck nikapiga simu, Mavis ndiye aliyepokea. "Edwin? Saa ngapi sasa?" Na mdomo wangu ukasema zizi, ukasema kamba ya kiatu. Sikupanga. Ukitoka hivyo, uongo, unausimamia.

Kiongozi wa kikosi, Keith Emerson, alitandaza ramani juu ya boneti ya gari. "Mara ya mwisho umemwona hapa? Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akachora duara kuzunguka zizi, kushuka hadi mtoni. Nikasema, "Huenda alipanda kwenye dohani. Anapapenda." Keith akanipigapiga bega. "Mzee wangu, kwa ukungu huu, apande maili mbili? Waliopotea hushuka. Nenda kakae kwenye gari, umefanya vya kutosha." Nikaenda kukaa kwenye gari. Watu ishirini na mmoja walikanyaga matope meusi usiku mzima mahali ambapo Wilf hakuwepo, wakiita jina lake, kwa sababu nilishindwa kusema maneno matatu: nilimwacha kwenye dohani.

19 Oktoba, Jumanne
Nilikwenda hospitali. Amekuwa mdogo kitandani. Alinitambua mara moja, akanyoosha mkono. Mavis alisema, "Unaona? Mimi ananiita nesi, wewe anakujua." Nilishika mkono ule kwa dakika kumi. Hakuniuliza kitu. Ningelipa chochote aniulize.

22 Oktoba, Ijumaa
Brenda hakunikubalia nilipie maziwa. "Wewe usitoe hata senti. Tumesikia ulivyomwita mpaka sauti ikakauka." Niliyachukua. Nimeyamwaga kwenye sinki.

26 Oktoba, Jumanne
Wilf amefariki saa tatu asubuhi. Mvua.

2 Novemba, Jumanne
Tumemzika. Kanisa lilijaa hadi nje. Binti yao, Gillian, aliyekuja kutoka Leeds, aliniomba nizungumze. "Anko Edi, wewe ndiye uliyekuwa naye hadi mwisho." Nilikataa. Watu wakadhani ni unyenyekevu. Nikasukumwa mbele.

Nilisimulia siku ya kwanza mgodini, jinsi Wilf alivyonigawia nusu ya chakula chake kwa sababu changu nilikidondosha majini. Watu walilia. Keith Emerson alisimama nyuma na kikosi chake. Msichana mmoja, Alison, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na magongo. Alivunjika kifundo cha mguu usiku ule, kwenye mawe ya mtoni. Alinifuata nje akijikongoja kwa magongo yake kwenye matope. "Nisamehe, mzee. Tulichelewa kumpata."

Aliniomba msamaha. Mimi.

5 Novemba, Ijumaa
Sikutoka.

9 Novemba, Jumanne
Sakitu ya kwanza, umande ulioganda. Mlima ni mweupe hadi kwenye zizi. Sijapanda tangu siku ile.

16 Novemba, Jumanne
Kijijini wanazungumza jinsi Wilf alivyofika juu kule. Dennis anasema wagonjwa wa namna ile wana nguvu za ajabu. Brenda anasema huenda alidhani anakwenda kazini. Nilinunua mkate nikaondoka.

23 Novemba, Jumanne
Nilipeleka kuni kwa Mavis. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo na Gillian alikuwa ndani, amekuja kupanga mambo. Anataka mama yake auze nyumba. Nimekuwa nikimwona Gillian kama mtu wa mjini, wa kutukunjia pua. Leo nilimsikia analia huku anasema.

"Ulijua hajui hata jina lake, Mama! Unamtoaje nje mwezi wa kumi?"

"Mlima ulikuwa unamtuliza."

"Ulikuwa unakutuliza wewe!"

Mavis akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Ndiyo. Nilikuwa nalala. Jumanne na Ijumaa, wakishaondoka, nilikuwa nalala saa tatu nzima. Siku ile simu ilipolia iliniamsha usingizini. Nimemwua baba yako kwa usingizi, Gill. Najua. Huna haja ya kuniambia."

Gillian hakusema, hapana Mama.

Niliweka kuni chini, polepole zisigongane, nikaondoka kama mwizi.

24 Novemba, Jumatano
Niliwahi kumwona Mavis mama wa kutoa amri. Hunifanyii hiki, shemeji, hunichukulii kile. Sasa naona mtu ambaye kwa miaka miwili hakulala, akaomba saa sita kwa wiki kutoka kwa mtu mmoja tu.

26 Novemba, Ijumaa
Nilifika hadi kwenye lango lao. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Nikarudi.

30 Novemba, Jumanne
Nimemwambia.

Nilikwenda saa nne asubuhi, Gillian amesharudi Leeds. Mavis alinikaribisha, akaweka birika motoni, akakata keki. Nikasema, "Usinikatie keki." Akacheka kidogo. "Umeanza kuogopa sukari uzeeni?" Nikasema, "Mavis, sikumpoteza kwenye zizi. Nilimwacha kwenye dohani."

Kisu kilisimama. Nilisema yote, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Nilivyomfokea. Norman. Themosi. Saa moja na nusu. Kamba ya kiatu. Ramani. Sikuacha kitu, hata mkate niliokula.

Hakulia. Aliuliza, "Alikuwa amevaa koti?"

"La mvua hapana. Lilikuwa kwenye mkoba wangu."

"Kwa nini hukuwaambia? Usiku ule ule. Walikuwa na taa, na mbwa. Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu," akasema. Alilitamka kama jina la mtu asiyemjua. Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyeliondoa. "Wiki tano, Edwin. Umekula chakula cha msiba mezani kwangu. Umeniacha wiki tano nikidhani ni mimi."

Nikasema najua.

"Mpigie Gillian. Wewe, kwa mdomo wako. Halafu wale waliotembea usiku mzima, uwaambie mmoja mmoja, machoni. Sasa toka."

2 Desemba, Alhamisi
Nilimpigia Gillian. Nilimweleza yote. Mwisho akasema, "Nilimwambia Mama maneno mabaya sana." Nikamwambia yalikuwa ya kwangu yale maneno. "Ndiyo," akasema, "yalikuwa ya kwako. Lakini niliyemwambia ni yeye." Akakata simu. Hakuniita anko.

4 Desemba, Jumamosi
Kikosi hukutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kijiji. Nilimwomba Keith dakika tano. Niliwatazama mmoja mmoja kama Mavis alivyotaka. Walikuwa kumi na tisa, wawili hawakuja. Nilipomaliza, mtu mmoja alitoka nje akabamiza mlango. Keith alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Kutoka ukumbini kwa gari hadi kwenye dohani, kwa barabara ya machimbo, ni dakika arobaini. Arobaini, bwana! Tungekuwa naye kabla ya chakula cha jioni."

Alison, yule mwalimu, aliuliza, "Ulikuwa unaona aibu ya nini hasa? Kwamba umemwacha?"

Nikafikiri. "Kwamba nilikuwa nimemchoka. Kila mtu alikuwa ananisifu."

Alitingisha kichwa, akaangalia magongo yake. "Sote tungemchoka," akasema. "Hilo tungelielewa."

7 Desemba, Jumanne
Dukani Brenda alinirudishia chenji juu ya meza, si mkononi. Yuko sawa. Ni mara ya kwanza tangu Oktoba nimenunua kitu na kukila.

10 Desemba, Ijumaa
Theluji nyepesi, anga safi. Saa tano asubuhi niligongewa mlango. Mavis, amevaa viatu vya mlima na koti la Wilf. "Nionyeshe."

Tulipanda. Ana miaka sitini na sita na hajawahi kupenda mlima. Kwenye zizi alisimama akashika ukuta, nikanyoosha mkono, hakuupokea. Tuliendelea. Kwenye dohani nikamwonyesha jiwe. Alilipangusa theluji kwa glavu, akakaa palepale, mgongo kwenye ukuta.

"Uliondoka upande gani?"

Nikaonyesha njia ya kileleni.

"Basi nenda."

"Mavis, ni baridi."

"Saa moja na nusu. Una saa mkononi. Na chai ondoka nayo."

Niliondoka. Siwezi kueleza njia ile. Niligeuka mara tatu; mara ya kwanza alikuwa ananitazama, mara ya pili alikuwa ananitazama, mara ya tatu mteremko ulikuwa umemficha. Kileleni sikukaa. Nilizunguka rundo la mawe lililopo pale kama mnyama aliyefungwa kamba. Kwale walilia kisha wakanyamaza. Kimya kile nilichokuwa nakitaka kilikuwepo chote, na sikujua niweke wapi mikono. Dakika tisini ni ndefu mno. Siku ile nilizimaliza kama mtu anayekunywa maji.

Muda ulipotimia nilishuka nikikimbia, kwa umri huu, nikianguka. Sikufika kwenye dohani. Nilimkuta njiani, kwenye ule mtaro ambamo Dennis alimwokota Wilf. Alikuwa amesimama mtaroni, theluji hadi kwenye vifundo, midomo ya buluu, anahema.

"Nilitegemea kukukuta kwenye dohani," nikasema. "Ungeweza kuanguka."

"Nilikaa kama saa moja," akasema. "Nilijaribu kukaa zaidi nikashindwa. Unajua ni kwa nini? Niliogopa. Si kwa ajili yangu. Nilikuwa na hasira na wewe, na bado nikaanza kujiuliza, mzee huyu mbona harudi, ameanguka? Nikainuka." Alionyesha nyayo zake kwenye theluji, mstari mmoja, kutoka kwenye dohani moja kwa moja hadi pale tuliposimama. "Kijiji kizima wanaulizana alifuata nini huku juu. Hakupotea, Edwin. Wilf hajawahi kupotea mlima huu. Alikuja kukutafuta."

Nilikaa chini kwenye theluji, nikalia kwa sauti, kitu ambacho sikufanya kaburini, wala kwa Nora. Mavis alisimama juu yangu. Hakunigusa. Hakusema amenisamehe, na sidhani kama atasema, wala sitamwomba. Baadaye alisema, "Inuka, utaganda," akatangulia kushuka.

Nilimfuata, hatua kumi nyuma yake, hadi kwenye lango lake.